Jiwe la Dehu na Daftari la Mwalimu



Tangu niliporudi kutoka India, baadhi yenu mmekuwa mkiniuliza baada ya Misa: "Padre, mbona safari hutusimulii?" Nimekawia kwa makusudi. Ziko safari ambazo mtu huweza kuzisimulia siku ile ile anaposhuka garini. Na ziko nyingine ambazo humrudisha kwanza mahali alipoacha deni. Yangu ilikuwa ya namna hiyo ya pili. Sasa nimekwisha kwenda kulikabili deni lenyewe, na kwa hiyo wiki hii naweza kuwasimulieni.

Nilikaa majuma matatu katika mji wa Pune, jimbo la Maharashtra, mwezi wa Februari, nikiwa mgeni wa padre mmoja mzaliwa wa huko ambaye aliwahi kufanya utume hapa nchini. Jina la Pune si geni masikioni mwetu, kwani vijana wengi wa Afrika Mashariki wamesoma katika vyuo vya mji ule. Huko ndiko pia iliko Seminari ya Kipapa, iliyohamishiwa hapo mwaka 1955 kutoka Kandy, katika kisiwa cha Sri Lanka.

Jioni moja mwenyeji wangu aliniambia, "Padre, makanisa yetu umekwisha kuyaona. Kesho nitakupeleka kwa mtu aliyenifundisha kusali kabla sijaingia seminari." Nikadhani ananipeleka kwa katekista wake wa zamani, au kwa mzee fulani wa parokia. Kumbe mtu mwenyewe alikwisha kuondoka duniani yapata miaka 375 iliyopita, tena hakuwa Mkristo. Jina lake Tukaram, mshairi na mtakatifu wa Wahindu. "Bibi yangu alisali Rozari kila jioni bila kukosa," alinieleza, "lakini asubuhi akisaga unga aliimba tungo za Tukaram. Mimi nilikuwa nikiamka kwa sauti hiyo."

Tulipanda treni ya abiria iendayo Lonavala, ile inayosimama kila kituo. Tulipofika kituo cha Akurdi alinionyesha upande wa nje akasema, "Hapa ndipo yalipo makao makuu ya Bajaj." Nilicheka peke yangu. Chombo tunachokipanda kila siku kwenda sokoni, tukakipa jina la bajaji kana kwamba tumelizaa wenyewe, kumbe jina hilo lina kwao! Kituo kilichofuata ni Dehu Road. Hapo Daktari Ambedkar, mtetezi wa wale waliohesabiwa kuwa wasioguswa, alisimamisha sanamu ya Buddha mwaka 1954, miaka miwili kabla hajaiacha dini ya Kihindu na kuingia ya Kibuddha pamoja na maelfu kwa maelfu ya watu wake. Nakuomba, msomaji mpendwa, uliweke hilo akilini, kwani suala la nani anastahili na nani hastahili kumkaribia Mungu ndilo litakalotufuata siku nzima.

Kutoka kituoni tulichukua bajaji hadi Dehu penyewe, kando ya mto Indrayani. Ni mji mdogo, wenye maduka ya maua, ya matuazi na ya shanga za mrehani. Sanamu za Tukaram ziko kila upande: mtu aliyevaa kilemba, ameshika kinanda cha nyuzi kwa mkono mmoja na vijiti vya kupigia mahadhi kwa mkono mwingine, macho yake yakiwa nusu wazi kama ya mtu anayesikiliza kitu tusichokisikia sisi.

Alizaliwa hapo mwanzoni mwa karne ya 17. Wengi hutaja mwaka 1608. Ukoo wake ulikuwa wa wakulima na wenye duka la nafaka, watu wenye nafasi kijijini, lakini kwa daraja za dini walihesabiwa kuwa Washudra, tabaka la chini miongoni mwa yale manne. Alipokuwa bado kijana, kati ya mwaka 1630 na 1632, njaa kubwa iliikumba nchi yote ya Dekani. Mke wake wa kwanza alifariki katika njaa hiyo, na mwana wake pia. Duka likafilisika. Akawa anapanda milima iliyo karibu na kijiji, kukaa peke yake na kusali. Mapokeo yanasimulia kwamba alizichukua hati za madeni ya watu waliokuwa wakidaiwa na familia yake, akampa ndugu yake fungu lake, na lililokuwa fungu lake mwenyewe akalitupa mtoni.

Mwenyeji wangu alipofika hapo katika simulizi aliongeza kwa tabasamu, "Mkewe wa pili hakufurahi." Na kweli, mapokeo hayamfichi mama huyo, aliyeachiwa sufuria tupu na watoto wenye njaa wakati mumewe anaimba mlimani. Nilipenda kwamba watu wa Dehu wamemwachia nafasi yake ya kulalamika. Utakatifu wa mtu mmoja mara nyingi hulipiwa gharama na mwingine anayebaki jikoni.

Kisha Tukaram akaanza kutunga. Tungo zake huitwa abhanga, nazo ni mashairi mafupi ya kuimbwa, yaliyoelekezwa kwa Mungu wake aitwaye Vithoba. Alitunga kwa Kimarathi, lugha ya sokoni na ya shambani. Tungo zinazobeba jina lake zapita 4,000. Ndani yake anabembeleza, analaumu, anajikemea, anacheka, anamwambia Mungu maneno ambayo mtu humwambia jirani aliyechelewa kulipa. Watu walizishika haraka. Na hapo ndipo shida ilipoanza.

Mambo matakatifu, kwa desturi ya wakati ule, yalikuwa na lugha yake, yaani Kisanskriti, na yalikuwa na wenyewe, yaani Wabrahmani. Mshudra kufundisha habari za Mungu, tena kwa lugha ya wapagazi, lilikuwa ni jambo la kuvuka mpaka. Mbrahmani mmoja msomi, Rameshwar Bhatt, alimhukumu. Mapokeo yanasema kwamba aliamriwa azitupe tungo zake katika mto Indrayani. Naye alitii. Alizifunga pamoja na jiwe, akazizamisha. Kisha akaketi juu ya mwamba ukingoni, akafunga chakula na maji kwa siku 13. Siku ya 13, wanasema, maandiko yalielea juu ya maji, hayakulowa.

Mwamba huo upo. Umewekwa ndani ya hekalu, katika chumba kipya kilichozinduliwa mwezi Juni mwaka 2022. Wale ambao tayari mnajiandaa kuniuliza, "Padre, wewe ulifanya nini mle hekaluni?" jibu langu ni fupi: nilivua viatu, nikanyamaza. Sikuabudu, wala hakuna aliyenitaka niabudu. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lao la mwaka 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, walitufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Nilisoma tamko hilo seminarini, nikalifanyia mtihani, nikafaulu. Lakini kulisoma ni jambo moja, na kusimama bila viatu mbele ya jiwe ni jambo jingine.

Kwa maana, ndugu zangu, pale mbele ya jiwe sikumwona Tukaram. Nilimwona Rameshwar Bhatt, na alikuwa na sura yangu.

Mwaka 2009 nilikuwa padre kijana, nina daraja ya mwaka mmoja, nimepangiwa parokia moja ya milimani katika nchi ya Wamatengo. Mimi si Mmatengo, na lugha yao sikuijua. Katika kigango kimoja cha mbali alikuwapo katekista mzee, ambaye watu wote walimwita Mwalimu. Elimu yake ilikuwa ya darasa la nne. Alikuwa ameongoza Ibada ya Neno katika kigango kile kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Jumamosi moja, kabla ya Kwaresima, alishuka kwa miguu hadi parokiani na daftari kubwa la mistari, lenye jalada la buluu, lililofungwa kwa uzi. Ndani yake alikuwa ameandika nyimbo alizozitunga mwenyewe kwa Kimatengo: za kupanda, za kuvuna, za msiba, za Njia ya Msalaba. Aliomba ziimbwe Pasaka.

Nakumbuka majibu yangu neno kwa neno. Nilimwambia, "Mwalimu, nyimbo za kanisani zina utaratibu wake. Hizi hazina kibali. Na mimi siwezi kujua zinasema nini."

Akanijibu kwa adabu, "Ndiyo, Padre. Nilikuja ili nikueleze zinasema nini."

Nikamwambia, "Siku nyingine, Mwalimu. Niachie daftari."

Siku hiyo nyingine haikuja. Daftari lilikaa katika droo ya ofisi. Mwaka 2011 nilihamishwa, sikulikumbuka. Baadaye ofisi ile ilifanyiwa ukarabati, na karatasi zote zilizoonekana kuwa za zamani zikachomwa nyuma ya jengo. Mwalimu alifariki mwaka 2016. Sikwenda kumzika, nilikuwa na semina.

Sheria ilikuwa upande wangu, na hilo silikani hadi leo: nyimbo za liturujia huhitaji kibali cha Askofu. Lakini hata Rameshwar Bhatt alikuwa na sheria upande wake. Kosa langu halikuwa kutaja sheria. Kosa langu ni kwamba mtu alitembea saa tano ili anieleze sala ya watu wake inasema nini, nami sikuwa na nusu saa. Nilikuwa na Kilatini changu, na Kigiriki changu kidogo, na shahada yangu. Nikadhani kwamba lugha nisiyoijua mimi, Mungu naye huenda haijui vizuri.

Mwenyeji wangu aliona nimenyamaza muda mrefu, hakuniuliza kitu. Tulitoka tukaenda ukingoni mwa mto, kwenye jengo kubwa la pembe nane ambamo tungo za Tukaram zimechongwa katika marumaru, ukuta hata ukuta, kutoka chini hadi juu. Mbele ya ukuta mmoja alisimama mama mmoja wa makamo, mwenye sari ya kijani, mikono yake ikiwa migumu kwa kazi ya shamba. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Nilidhani anasoma. Mwenyeji wangu akaninong'oneza, "Tazama macho yake." Yalikuwa yamefumba. Maneno yalikuwa ukutani mbele yake, lakini yeye hakuyahitaji.

Hapo nikamuuliza mwenzangu swali la kiseminari: "Je, wewe unaamini kwamba karatasi zilielea siku ya 13?" Akafikiri kidogo, akasema, "Karatasi sijui. Lakini mtu akitupa mtoni wimbo ambao kijiji kizima kimekwisha kuushika, umezama nini?"

Akanikumbusha pia mwisho wa habari yenyewe: kwamba Rameshwar Bhatt, kwa mujibu wa mapokeo, baadaye alikuja kuwa mfuasi wa Tukaram. Hali kadhalika mama mmoja Mbrahmani, Bahinabai, alimchagua Mshudra huyu kuwa mwalimu wake wa roho, jambo lililokuwa aibu kubwa kwa mumewe na jamaa zake, naye akawa mshairi mkubwa kwa haki yake. Nililishika hilo la Rameshwar. Hakimu alipewa nafasi ya kuwa mwanafunzi.

Mchana tulikwenda Alandi, mji mwingine katika mto ule ule. Hapo yuko mkubwa wa Tukaram katika mapokeo haya, Dnyaneshwar, aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla yake. Baba yake alikuwa ameweka nadhiri za utawa, kisha akarudi kwa mkewe, na kwa kosa hilo familia yote ikatengwa. Watoto wanne, wavulana watatu na msichana mmoja aitwaye Muktabai, walikua wakiwa wametengwa na Wabrahmani wenzao. Na wote wanne wanaheshimiwa leo kuwa watakatifu. Mwaka 1290 Dnyaneshwar, akiwa bado kijana mdogo kabisa, alikamilisha ufafanuzi mkubwa wa Bhagavad Gita kwa Kimarathi, ili wale wasiojua Kisanskriti nao waelewe. Mwaka 1296, akiwa na umri wa miaka 21 hivi, aliingia kaburini akiwa hai katika tafakuri, kama waamini wake wanavyosadiki. Kaburi hilo ndilo moyo wa Alandi.

Kila mwaka, kati ya mwezi Juni na Julai, machela mbili huondoka, moja Dehu na moja Alandi, zikibeba mfano wa mitawanda ya watakatifu hawa wawili. Mamia ya maelfu ya watu huzifuata kwa miguu kwa muda wa majuma matatu hivi, wakiimba njia nzima hadi Pandharpur, umbali wa kilomita 250 hivi. Wanawake hubeba vichwani vyungu vyenye mmea wa mrehani. Huko Pandharpur Vithoba amesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Wanasimulia kwamba alikuja kumtembelea kijana mmoja, Pundalik, akamkuta anawahudumia wazazi wake. Kijana akamrushia tofali la kusimamia akamwomba asubiri kwanza. Na Mungu huyo bado anasubiri. Nimewahi kuhubiri mara nyingi juu ya Amri ya Nne, lakini sijawahi kupata mfano unaokaa kichwani kama huo.

Lakini tusidanganyane kwamba nyimbo zilimaliza kila ubaya. Chokhamela, mshairi wa karne ya 14 katika mapokeo haya haya, alikuwa wa tabaka la Mahar, waliohesabiwa kuwa wasioguswa. Nyimbo zake ziliimbwa, ila yeye hakuruhusiwa kuingia hekaluni. Kaburi lake liko nje, mbele ya ngazi. Watu wa tabaka lake walifunguliwa mlango wa hekalu la Pandharpur mwaka 1947, baada ya mwalimu na mwandishi Sane Guruji kufunga chakula kwa ajili yao. Inawezekana kabisa watu wakaupenda wimbo, wakamwacha mtunzi wake mlangoni.

Na mto wenyewe? Pale Alandi niliona povu jeupe juu ya maji, mabonge kama pamba. Ni uchafu wa viwanda na wa mifereji ya miji iliyo juu yake. Mahujaji walikuwa wakioga katikati ya povu hilo. Mto uliozirudisha tungo za Tukaram bila kuzilowesha, sisi watu wa leo tumeurudishia sabuni na kemikali. Nilisikitika, kisha nikaukumbuka mto unaopita nyuma ya soko letu, nikaona heri ninyamaze.

Siku iliyofuata tulipanda treni ile ile hadi Malavli, tukaenda kuona mapango ya Bhaja na ya Karla. Si mapango ya asili. Ni kumbi na vyumba vilivyochongwa na watawa wa Kibuddha katika mwamba wa mlima. Yale ya Bhaja yalianza kuchongwa katika karne ya 2 kabla ya Kristu, na ukumbi mkuu wa Karla ni wa yapata karne ya 1 baada ya Kristu. Tulipanda ngazi nyingi, jasho likitutoka, tukipishana na familia za wavuvi wa pwani zilizokuja kumheshimu mungu wao wa kike, Ekvira, ambaye hekalu lake dogo liko mlangoni kabisa mwa pango.

Ukiingia ndani unasahau kwamba uko mlimani. Ni kama kanisa: nguzo safu mbili, njia za pembeni, na mwisho wake mahali pa duara palipo na stupa ya jiwe. Urefu wake ni kama meta 45. Kwenye dari ziko mbavu za mbao zilizopindwa, nyingine zikiwa za tangu ukumbi ulipochongwa. Juu ya nguzo kadhaa yamechongwa majina ya waliochangia: wafanyabiashara, mafundi, watawa, hata watu walioitwa Wayavana, jina ambalo Wahindi wa kale waliwapa Wagiriki na wageni wa upande wa magharibi. Nilitabasamu, nikaikumbuka kamati yetu ya ujenzi na mjadala wetu mrefu kuhusu majina ya wafadhili ukutani. Jambo hilo lina umri wa miaka 2,000!

Lakini lililonigusa zaidi ni neno alilosema mwenzangu: maandishi yale si ya Kisanskriti. Ni ya Kiprakriti, lugha iliyokuwa karibu na midomo ya watu wa kawaida. Fundi aliyetoa fedha zake alitaka jirani yake aweze kulisikia jina lake likisomwa na kuelewa.

Tuliketi kwenye ngazi kula ndizi, ndipo akanisimulia habari ya padre mwenzetu, Thomas Stephens, Mjesuiti Mwingereza aliyefika Goa mwaka 1579. Alijifunza lugha za watu wale hata akazipenda kama za kwao, akatunga maisha ya Kristu kwa Kimarathi kilichochanganyika na Kikonkani, beti zaidi ya 10,000, kwa bahari ya ushairi iitwayo ovi, ile ile aliyoitumia Dnyaneshwar. Utenzi huo ulichapwa mwaka 1616. Mwaka 1684 watawala Wareno wa Goa walitoa amri ya kuikomesha lugha ya wenyeji. Nakala zilizochapwa zamani zile zimepotea. Lakini Wakristo walikuwa wamezinakili beti kwa mkono, wakazitunza majumbani. Na kutokana na nakala hizo za mkono, utenzi ulichapwa tena huko Mangalore mwaka 1907.

"Unaona?" alisema. "Sisi nasi tulikuwa na mto wetu, na maandiko yetu yakaelea."

Usiku ule sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho niliona jalada la buluu.

Nilirudi nyumbani, na juma la pili baada ya Pasaka niliomba ruhusa, nikasafiri hadi kule milimani. Mjane wa Mwalimu yu hai. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti kumwamkia, akanitambua kwa sauti. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yote yakanipotea. Nikasema tu, "Bibi, daftari la Mwalimu lilichomwa. Nililiacha mimi. Nimekuja kuomba msamaha."

Aliendelea kupukuchua hadi gunzi lile likaisha. Kisha akasema, "Tulijua, Baba. Moto ule watoto waliuona."

"Mwalimu alisema nini?"

"Alisema Padre bado kijana, atakua."

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi, nimefanya mafungo mengi. Sijapata kusikia hukumu iliyokuwa na huruma kuliko hiyo, wala iliyoniuma kuliko hiyo.

Nikamuuliza kama kuna nyimbo zozote zilizobaki. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. "Nyimbo hazikuwa za daftari, Baba. Sisi tunazo. Daftari lile aliliandika kwa ajili yako wewe usiyezijua."

Akawaita majirani wawili, wamama wa rika lake. Waliimba. Kumbe wamekuwa wakiziimba miaka yote hii: shambani, kwenye matanga, na katika jumuiya, hasa baada ya padre kuwasha pikipiki na kuondoka. Katika wimbo wa tatu walikwama kwenye ubeti mmoja. Mmoja alisema neno ni hili, mwingine akakataa, wakabishana, na hatimaye wakaruka pengo. Mwalimu alikuwa ameandika nyimbo zaidi ya 40, kadiri Bibi anavyokumbuka. Siku ile tulihesabu 17. Nyingine, zile alizokuwa bado hajawafundisha watu, zilikuwa katika daftari peke yake. Hizo hazikuelea.

Mwalimu mmoja kijana wa shule ya kule ameanza kuziandika upya. Nimeomba nami niwe nakwenda kila baada ya miezi mitatu, nikae chini pamoja na wale wamama, na kila ubeti ninauliza swali lile nililokataa kuulizwa mwaka 2009: zinasema nini? Zikiisha zitapelekwa kwa Baba Askofu kuombewa kibali, kama sheria inavyotaka. Safari hii zitakwenda na maelezo.

Nawasihi jambo moja tu kwa wiki hii. Katika nyumba zenu yupo mzee mwenye wimbo, au sala, au hadithi ambayo haiko katika kitabu chochote. Pengine mmekwisha kumwambia, "Siku nyingine." Kaeni naye. Msimnyang'anye daftari, muulizeni linasema nini.

Nawatakieni nyote Dominika njema. Mniombee mimi pia, nipate kukua.

Padre wenu